Kompyuta Mpya ya Gemu na Mafaili ya Zamani: Kipi Kitangulie?

Mtu anayeingia katika duka la kompyuta hapa Dodoma kutafuta mashine ya kuchezea gemu hukutana na swali lilelile karibu kila kaunta: "Unataka Core i ngapi?" yaani prosesa ya Intel, ubongo wa mashine, ya daraja gani. Swali hilo limezoeleka kiasi kwamba wanunuzi wengi huja nalo wenyewe, wakiwa wameshaambiwa na jirani au mwanafunzi mwenzao kwamba bila Core i7 gemu halichezeki. Kwa kompyuta ya mezani ya gemu, hilo ni swali la nne au la tano kwa umuhimu. Kulitanguliza ndiko kunakomfanya mtu alipe fedha nyingi kwa mashine ambayo gemu linaganda, huku diski ya mashine ya zamani, yenye picha za harusi na tasnifu ya chuo, ikiwa imeshauzwa haraka ili kujazia bei.

Makala haya yanayapanga upya maswali hayo. La kwanza linahusu mafaili yaliyomo katika mashine ya zamani, la pili linahusu skrini na magemu yenyewe, kisha hufuata kadi ya michoro, pawa saplai inayoilisha na sanduku linaloibeba. Prosesa huja baada ya hapo. Jibu la kila swali huamua jibu la linalofuata, na anayeanzia mwisho hulazimika kurudi nyuma kwa gharama.

Wengi wanaobadilisha mashine kipindi hiki hawakuuchagua wakati wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikabakiza mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au ya AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za mashine. Kompyuta ya Core i5 ya kizazi cha nne, ya aina iliyoanza kutoka mwaka 2013 na ambayo bado imejaa katika ofisi na nyumba zetu, haikidhi masharti hayo hata ikiongezewa RAM. Kwa mchezaji wa magemu ya mashindano ya mtandaoni suala hili si la usalama wa mafaili peke yake, kwa maana yapo magemu, Valorant likiwa mfano, ambayo kwenye Windows 11 hukataa kufunguka iwapo TPM 2.0 na Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu zisizoaminika kuanza kabla ya Windows, havijawashwa.

Mafaili kabla ya fedha kutoka mfukoni

Nyumbani kwangu Ilazo mashine iliyokuwa inastaafu ilikuwa ya kizazi hichohicho cha nne, yenye diski ya GB 500. Ndani yake mlikuwa na tasnifu ya mke wangu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, picha za watoto tangu wakiwa wachanga, na rekodi ya dakika 40 ya bibi akisimulia kwa Kigogo jinsi familia ilivyohama kutoka Bahi. Bibi hayupo tena, na rekodi hiyo haikuwapo mahali pengine popote. Mpwa wangu, ambaye ndiye mchezaji mkuu wa gemu hapo nyumbani, alikuwa na hofu yake. "Mjomba," aliniambia, "gemu lenyewe litashushwa tena, lakini misimu yangu minne nitaitoa wapi?" Alikuwa sahihi, na swali lake ndilo lililonifanya niyagawe mafaili yote kwa kigezo kimoja tu: hiki kikipotea, kinarudije?

Vitu visivyorudi kabisa ndivyo vinavyotangulia, na hivi havikai vyote mahali tunapodhani. Kila mtu hukumbuka Desktop, Documents na Pictures. Wachache hukumbuka kwamba magemu mengi huhifadhi maendeleo ya mchezaji nje ya folda ya gemu lenyewe: mengine huyaweka ndani ya Documents katika folda ndogo ya My Games, mengine katika Saved Games, na mengine ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha mpaka uiamuru ionyeshe vitu vilivyofichwa. Steam, duka la magemu la mtandaoni, hutunza maendeleo ya baadhi ya magemu katika seva zake, ila si magemu yote yanayotumia huduma hiyo, kwa hiyo ni lazima kukagua gemu mojamoja. Nenosiri zilizohifadhiwa katika kivinjari zimo pia katika fungu hili, na watu huzisahau hadi siku wanapozihitaji.

Fungu jingine ni la vitu vinavyorudi kwa gharama, nayo ni magemu yenyewe. Gemu kubwa la siku hizi huzidi GB 100 bila taabu, na kwa kaya inayotegemea bando la simu, kulishusha upya ni fedha ya kweli. Habari njema ni kwamba magemu ya Steam hayahitaji kushushwa upya. Folda ya steamapps hunakiliwa kutoka diski ya zamani kwenda mpya, na ukiamuru Steam isakinishe gemu hilo, huyakagua mafaili iliyoyakuta na kushusha yale tu yanayokosekana au yaliyobadilika. Tangu mwaka 2023 Steam pia inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba, bila kugusa bando hata kidogo, mradi mashine zote mbili ziwe zimewashwa.

Kisha yapo yasiyopaswa kuhama. Programu iliyosakinishwa haihami kwa kunakili folda yake, kwa sababu sehemu zake nyingine zimeandikwa katika rejista ya Windows, kwa hiyo husakinishwa upya. Magemu yaliyovunjwa, yale yanayopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, ni bora yabaki yalipo. Faili linalolazimisha gemu kufunguka bila leseni mara nyingi hudai uzime kwanza kinga ya virusi, na mtu anayelipeleka kwenye mashine mpya anafungua mlango kabla hata hajapanga vyombo ndani.

Kabla ya kunakili chochote, afya ya diski ya zamani ipimwe. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma takwimu ambazo diski hujiwekea yenyewe na kuonyesha hali yake kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni ya tahadhari, nyekundu ni mbovu. Ikiwa diski inagonga kwa sauti ya tik-tik, au kompyuta inaganda kila inapofungua folda fulani, anza na vile visivyorudi, na usiiamuru Windows ikarabati diski hiyo kwanza. Ukarabati huisomesha diski nzima kwa nguvu, nayo diski iliyo mahututi inaweza kumalizikia hapo.

Chombo cha kuhifadhia nacho kinahitaji macho makali. Masoko yetu yana flashi na diski za nje zilizoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya kustaajabisha, ambazo ndani zina nafasi ndogo sana. Zimechezewa ili ziidanganye Windows kuhusu ukubwa wake. Ubaya wake ni kwamba hazikatai. Zinapokea mafaili, zinaonyesha majina yake, na yale yaliyozidi nafasi halisi huwa yameandikwa hewani, hayafunguki tena. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski mpya kwa data ya majaribio kisha kuisoma yote upya, na kwa maoni yangu hakuna diski inayostahili kupokea sauti ya marehemu bibi kabla ya kupita mtihani huo. Kuna jambo jingine dogo linalowasumbua wengi: flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama nafasi imebaki tele, na video ya harusi huwa kubwa kuliko hapo. Dawa yake ni kuiandaa upya kwa exFAT ikiwa bado tupu.

Skrini hupanga bei

Picha ya gemu imeundwa kwa vitone vya rangi viitwavyo pikseli. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na gemu linaloenda kwa picha 60 kwa sekunde huidai mashine ichore pikseli zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Skrini ya 4K ina pikseli mara nne ya hizo, na ile ya 1600 kwa 900, inayopatikana sana katika monita za mtumba, ina pungufu ya theluthi moja hivi. Kwa hiyo anayeuliza ni kadi gani inamfaa kabla ya kusema atatumia skrini gani anauliza urefu wa kamba bila kujua kina cha kisima.

Kwa nyumba nyingi ninazozijua, 1920 kwa 1080 inatosha kabisa, na fedha inayookolewa hapo huenda kwenye kadi. Angalia pia mara ngapi kwa sekunde monita inajichora. Monita nyingi za ofisi hufanya hivyo mara 60. Kununua kadi inayotoa picha 140 kwa sekunde kisha kuifunga kwenye monita ya namna hiyo ni kulipia picha ambazo nyingi yake hazitaonekana.

Kadi, pawa saplai na sanduku ni ununuzi mmoja

Kadi ya michoro ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kuchora, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa zaidi ya bajeti. Mimi huwashauri watu waitengee theluthi moja hadi asilimia 40 ya fedha yote ya sanduku. Tatizo ni kwamba matangazo ya mtaani huitaja kwa kipimo kisichofaa: "ina grafiksi ya GB 4." Kipimo hicho ni ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, yaani ghala inamowekwa michoro ikisubiri kutumika, na hakisemi lolote kuhusu kasi ya mchoraji. GT 730 ya mwaka 2014 ilitoka pia ikiwa na GB 4, lakini ni kadi dhaifu iliyokusudiwa kuonyesha video na kazi za ofisi, na GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye GB 4 hizohizo inaiacha mbali mno. Uliza jina kamili la kadi, herufi na tarakimu zote, na muuzaji asiyelijua aifungue mashine mlisome pamoja.

Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, kadi kama RX 6600 yenye GB 8 na RTX 3060 yenye GB 12, zote za mwaka 2021, au RTX 4060 yenye GB 8 ya mwaka 2023, hucheza magemu mengi ya sasa kwa mipangilio mizuri. Chini ya GB 8, magemu mapya makubwa huanza kukupunguzia ubora wa picha hata kama kadi yenyewe ina nguvu. Kadi za mtumba zipo, na si vibaya kuzinunua, ila zipo pia bandia zilizobadilishwa taarifa zake ili kadi kuukuu ijitambulishe kwa jina la mpya zaidi. Programu ya GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo, na gemu zito likichezwa nusu saa mbele ya muuzaji huonyesha mengine yote.

Sasa tufike mahali ambapo fedha nyingi za watu wa hapa hupotea. Njia iliyozoeleka ya kupata kompyuta nafuu ni kununua sanduku la ofisi lililotumika nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kulipachika kadi ya michoro. Masanduku haya yametengenezwa vizuri na hudumu miaka. Yalibuniwa kwa kazi za ofisi, hata hivyo, na pawa saplai zake nyingi ni za wati 180 hadi 260, bila waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, linaweza kuipa kadi wati 75 na si zaidi. RX 6600 inahitaji wati 132, RTX 4060 wati 115, RTX 3060 wati 170. Mnunuzi aliyeshalipia sanduku na kadi huyagundua haya akiwa mezani kwake, waya wa kadi mkononi na hakuna pa kuuchomeka.

Je, pawa saplai haiwezi kubadilishwa? Katika masanduku mengi ya aina hii haiwezi kwa urahisi, kwa sababu watengenezaji hutumia viunganishi na maumbo yao wenyewe, tofauti na kipimo cha kawaida kinachouzwa madukani. Wapo mafundi wanaotumia waya wa kugeuzia kiunganishi kwa baadhi ya modeli, na kazi hiyo huwezekana, lakini inahitaji fundi anayejua waya upi ni upi, kwa sababu kosa moja huunguza ubao mama. Umbo la sanduku nalo lina sheria yake. Yale membamba hupokea kadi za nusu kimo tu, na kadi ya kimo kamili haiingii hata ukiisukuma vipi.

Kwa mwenye sanduku la ofisi, njia iliyonyooka ni kuchagua kadi inayotosheka na wati 75 za tundu: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 zile zisizo na tundu la waya wa ziada, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, inayotumia wati 70. Hizi tatu zinapatikana pia kwa nusu kimo. Hazitacheza kila kitu kwa ubora wa juu, lakini mpira, mbio za magari na magemu mengi ya mashindano huenda vizuri. Anayetaka zaidi ya hapo anunue sanduku la kipimo cha kawaida lenye pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 PLUS, inayothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Pawa saplai ya bei ya chini sana iliyoandikwa wati 500 mara nyingi haibebi hata nusu yake kwa usalama, na inapokufa huweza kuondoka na kadi.

Neno kwa anayepachika kadi mara ya kwanza: waya wa monita uchomekwe kwenye tundu la kadi, wala si lile la ubao mama lililo juu yake. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuangalia kadi "mbovu" ambayo kosa lake lilikuwa hilo tu.

Prosesa na vilivyobaki

Jina la Core i7 peke yake halisemi kitu. Intel imekuwa ikiweka kizazi mwanzoni mwa namba inayofuata: i5-8500 ni ya kizazi cha nane, i5-12400 ya kizazi cha kumi na mbili. Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini vinne, yaani vitengo vinavyofanya kazi kwa pamoja, na njia nane za kazi. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini vinne na njia nane vilevile, nayo ina kasi kubwa zaidi kuliko i7 hiyo. Muuzaji anayesema i7 bila kutaja kizazi hajasema bado anauza nini. Herufi ya F mwishoni, kama katika i5-12400F, humaanisha kwamba prosesa haina uwezo wake wenyewe wa kuonyesha picha, hivyo bila kadi ya michoro skrini itabaki nyeusi.

Kwa kadi nilizozitaja, prosesa yenye viini sita, kama Ryzen 5 5600 au i5-12400, inatosha. Mwenye bajeti ndogo asidharau i5-8500 ya mwaka 2018 iliyomo katika masanduku mengi ya ofisi: ina viini sita, na Windows 11 inaikubali.

RAM iwe GB 16, katika vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitishia data kwa pamoja na gemu huonyesha tofauti. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba, hivyo sanduku la mtumba linalokuja na RAM yake ya kutosha lina thamani kuliko lilivyoonekana awali. Diski iwe SSD, yaani ile isiyo na sehemu inayozunguka, ya TB 1. Hata ile inayounganishwa kwa waya wa SATA, inayosoma takribani MB 550 kwa sekunde, ni mara kadhaa ya diski ya kuzunguka.

Vumbi, joto na uniti

Dodoma ina miezi mingi mikavu, kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wa kiangazi hubeba vumbi jekundu hadi ndani ya kabati lililofungwa. Kompyuta ya gemu hunyonya hewa mfululizo ili ijipoze, kwa hiyo hunyonya vumbi kuliko chombo kingine chochote sebuleni. Vumbi likiziba mapezi ya kipoza, joto hupanda, na prosesa pamoja na kadi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Mchezaji huona gemu linaganda baada ya dakika 20 na kudhani mashine imechoka. Chagua sanduku lenye chujio linalotoka na kuoshwa, liweke juu ya meza badala ya sakafuni, na lipulizwe kila baada ya miezi miwili au mitatu wakati wa kiangazi, mapanga ya feni yakiwa yameshikwa yasizunguke. Hewa kavu huleta pia umeme tuli mwilini, ule unaotuma cheche ukigusa kitasa, kwa hiyo gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa RAM au kadi.

Kuhusu LUKU, hesabu yake ni rahisi. Mashine inayotumia wati 300 gemu likichezwa, kwa saa tatu kila siku, hula uniti 27 kwa mwezi. Kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu kwa uniti, na nyongeza hiyo ya 27 inaweza kuivusha mpaka huo, ikapandisha gharama ya umeme wa nyumba nzima. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya niipendelee kadi ya wati 115 kuliko ya wati 170 zinapokuwa karibu kwa uwezo. Anayenunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, asome wati zake, kwa kuwa ile ndogo ya VA 650 hubeba wati kati ya 325 na 390 kutegemea mtengenezaji, kiasi cha kukupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu.

Kadi nyingi huagizwa Kariakoo na kusafiri takribani kilomita 450 hadi hapa. Ukiagiza kompyuta iliyokwishaunganishwa, omba kadi ichomolewe na ifungashwe peke yake. Kadi nzito inayoning'inia kwenye tundu lake ndani ya buti la basi huweza kulivunja kabla haijafika stendi ya Nzuguni.

Siku ya kuhamisha

Njia ya haraka kuliko zote ni kuichomoa diski ya zamani na kuiunganisha moja kwa moja ndani ya mashine mpya kwa waya wa SATA. Kama mnunuzi hataki kufungua sanduku, kuna viunganishi vya kugeuza SATA kuwa USB, lakini diski pana ya kompyuta ya mezani, ya inchi 3.5, inahitaji umeme wa volti 12 ambao tundu la kawaida la USB halitoi, hivyo kiunganishi kiwe na adapta yake ya ukutani. Diski ndogo ya laptopu haina shida hiyo. Tumia tundu la USB 3.0, kwa kawaida lenye ulimi wa buluu. GB 400 kwa USB 2.0, inayopitisha MB 35 hivi kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa tatu. Kwa USB 3.0, diski ya zamani ikitoa MB 100 kwa sekunde, ni saa moja na dakika chache, ingawa maelfu ya mafaili madogo huchelewesha hesabu hiyo.

Windows mpya ikikuambia huna ruhusa ya kuifungua folda yako ya zamani, usiogope. Inamtambua mmiliki wa mashine ile kama mtu mwingine, na ukiwa msimamizi wa mashine mpya unaweza kukubali kuchukua umiliki. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, ni jambo jingine. Hiyo hudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida hupatikana katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua. Uthibitishe unao wakati mashine ya zamani bado inawaka.

Kwa folda kubwa, kuburuta kwa kipanya hukwama faili moja likigoma. Amri ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows yenyewe, huruka lililogoma na kuendelea, mradi uiambie ijaribu mara moja tu kwa kuandika /R:1 na isubiri kidogo kwa /W:1. Usipoandika hivyo, itajaribu faili hilohilo mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Kazi ikiisha, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili, kisha yafungue machache kutoka kila folda.

Sisi tulianza na rekodi ya bibi, tukaisikiliza yote dakika 40, mama akitufasiria maneno ya Kigogo ambayo vijana hawakuyajua. Misimu minne ya mpwa wangu ilifunguka jioni ileile, baada ya kuikuta ndani ya AppData. Hatukuifuta diski ya zamani kwa mwezi mzima, kwa sababu kila baada ya siku chache mtu alikumbuka kitu alichokisahau, na wakati huo nakala ya pili ilikuwa imeshawekwa katika diski ya nje inayokaa kwa dada yangu Kisasa. Sanduku lilipopata mnunuzi tuliliuza bila diski. Anayelazimika kuiuza pamoja na diski aiandae upya kwa njia kamili, akiondoa alama ya uandaaji wa haraka, kwani ule wa haraka hufuta orodha ya majina tu na kuyaacha mafaili yenyewe palepale yalipo.